Sabmita za maji: tumezifunga nyumba ya wapangaji Igogo, soma kabla hujatoa hela

Kwa wenye haraka: hizi mita ndogo za maji za nusu inchi zinazouzwa hadiwea, wengi wanaziita sabmita, nunueni kama mnaishi nyumba ya kupanga yenye mita moja ya mamlaka ya maji. Kama unaishi kwako peke yako na familia yako achana nazo, ile uliyofungiwa getini inakutosha, jifunze tu kuisoma. Nazipa nyota tatu na nusu kati ya tano, na hiyo nusu nimeitoa kwa shingo upande, nitaeleza.

Sisi tupo Igogo hapa Mwanza, kule juu kwenye mawe. Nyumba ndefu ya vyumba, uwani kuna bomba moja na choo cha kushea, kaya 6, mita moja kwa jina la mwenye nyumba. Ziwa Victoria tunaliona lote, ukitoka kupiga mswaki asubuhi unahesabu mitumbwi, lakini kulifikisha hapa juu ni shughuli nyingine. Bili inaingia kwa meseji kwenye simu ya baba mwenye nyumba, anairusha kwenye grupu la WhatsApp bila hata salamu, halafu vita inaanza.

Zamani tulikuwa tunalipa kwa kichwa. Bili inagawanywa kwa idadi ya watu, mtoto chini ya miaka mitano nusu kichwa, wa kunyonya bure, na hapo lazima mtu aulize mbona huyo wa kunyonya ndo nepi zake zinafuliwa mara tatu kwa siku. Mgeni akipitisha wiki naye anaingizwa. Sasa angalia: mama muuza maandazi ni vichwa viwili tu, yeye na binti yake, ila masufuria, mabeseni na ndoo za unga vyote vinaoshwa kwa maji ya bomba kila siku inayoenda kwa Mungu. Dogo wa bodaboda ni kichwa kimoja, anaosha pikipiki kwa mpira, tena si yake tu, na ya mshkaji wake. Halafu kuna mwalimu anaondoka alfajiri anarudi giza, siku nzima katumia ndoo moja na kidogo, na analipa sawasawa na dogo. Ikafika mahali mwalimu akasema wazi kwenye grupu, kama nalipia ya wote basi na mi nitaoga kama wote. Na kweli akaanza kufungulia.

Hapo ndo utaona tatizo la nyumba kama zetu. Tangu Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 msimamo wa serikali kwa mijini ni kwamba mtumiaji achangie gharama ya kufikishiwa maji, na bei haipangwi kiholela, mamlaka inapeleka maombi EWURA, wale wadhibiti wa huduma za nishati na maji, wanaitisha mkutano wa kukusanya maoni, ndo inapitishwa. Wazo lake zuri tu: ukilipa kulingana na unachotumia utajifunza kubana. Ila kwenye hizo hesabu mteja ni maunganisho, yaani jina lililopo kwenye mita. Sisi wapangaji hatupo. Anayeitwa kutoa maoni ni mteja, anayepata meseji ni mteja, anayeambiwa abane matumizi ni mteja, na mteja wetu anaishi Buswelu, anakuja huku kuchukua kodi tu. Bei inapita getini ikiwa bei ya kila uniti, ikiingia ndani inageuka kuwa mchango wa msiba. Anayebana anamlipia anayemwaga. Hata bei ingepandishwa mara mbili kesho, kwa mfumo wa kichwa mwalimu ndo angeumia na pikipiki ingeendelea kung'aa.

Najua kuna watakaosema maji ya nini kulipia, ziwa si hilo hapo, kilomita za mraba karibu 69,000, nchi tatu zinachota na halipungui. Huwa nawajibu ziwa lipo chini na sisi tupo juu. Maji yanavutwa ziwani, Capripoint tangu zamani na sasa na Butimba kwenye mtambo mpya wa lita milioni 48 kwa siku, yanasafishwa, yanawekwa dawa, yanasukumwa kwa pampu za umeme kwenda kwenye matenki ya vilimani, ndo yashuke kwetu. Unacholipia ni umeme, dawa na mabomba. Asiyetaka ashuke na ndoo. Uniti moja ni lita 1,000, ndoo 50 za lita 20, na kwa muuza maji wa toroli hata akikuonea huruma akakupa dumu kwa sh 100 tu, uniti imefika 5,000. Na huku juu nani anakupa dumu kwa 100? Anayepandisha toroli Igogo anauza na jasho lake humo humo.

Haya, turudi kwenye bidhaa.

Zipo za aina mbili, za shaba na za plastiki. Muuzaji atakusukumia ya shaba, nzito, inapendeza mkononi, ukiishika unaona kabisa hela yako imeenda mahali. Usidanganyike. Shaba ina soko kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ukiifunga nje uwani kwenye nyumba isiyo na geti la maana utaamka asubuhi umeachiwa ncha mbili za bomba na maji yanaruka. Tulichukua za plastiki kwa sh 38,000 kila moja baada ya kubishana bei sana, hapo hujanunua viunganishi, koki ya kufungia na tepu nyeupe, na fundi naye anataka chake. Weka kama 60,000 kwa kila kaya. Kila mtu alilipia yake, isipokuwa mwalimu alikopeshwa na mama maandazi, jambo lililoshangaza nyumba nzima kwa sababu walikuwa hawasalimiani kisa bili.

Kwenye kufunga, mkazanieni fundi mambo haya maana wengi wanafunga tu kama wanafunga elbo. Kuna mshale umechorwa pembeni ya mita, lazima uelekee maji yanakoenda. Fundi wetu mita moja aliigeuza, na hizi za bei chee hazina kizuizi ndani, kwa hiyo dada wa saluni akawa kila akifungulia bomba namba zinarudi nyuma, wiki nzima amekaa kimya! Tuliposhtuka akasema alidhani ni ofa. Cha pili uso wa mita uangalie juu, ukiulaza ubavu unasoma pungufu. Cha tatu kabla ya mita kuna kichujio kidogo ndani ya mdomo, kisafisheni mara moja moja hasa maji yakirudi baada ya kukatika, maana yanakuja na kutu na mchanga, na mchanga ndo ulioua mita yetu moja. Cha nne kivuli. Tulizifunga ukutani upande wa jua, kioo kikafanya ukungu kwa ndani, sasa tunasoma kwa tochi ya simu tukiwa tumeinamisha vichwa kama tunatafuta sindano.

Kusoma kwenyewe ni rahisi. Namba nyeusi ndo uniti, hizo ndo za kuandika. Nyekundu ni sehemu ya uniti, lita, hizo usizibebe kwenye hesabu. Halafu kuna kinyota kidogo au kipembe kinachozunguka hata maji yakipita kidogo, hicho ndo kitu nilichokipenda kuliko vyote. Funga mabomba yote ya chumbani kwako, kaa ukikodolee macho dakika kumi, kikitikisika ujue kuna sehemu inavuja. Na mita ya getini nayo inacho. Miaka yote kilikuwa pale na hakuna aliyewahi kutuambia kazi yake. Wangekichapa hata nyuma ya fomu ya maunganisho mapya, ingesaidia kuliko yale mabango ya maji ni uhai.

Mwezi wa kwanza tukakaa uwani na daftari. Jumla ya mita zetu 6 uniti 19, mita ya getini uniti 23. Nne zimeenda wapi? Kelele hizo! Mi ndo nilikuwa mshika daftari kwa hiyo lawama zote kwangu, wengine wakasema mita ni feki, wengine wakasema fundi kachezea, baba mwenye nyumba kwenye simu akasema yeye hizo mita hazitambui, anataka hela ya bili kamili. Na kwa hilo yuko sahihi, mamlaka inahesabu ya getini tu, kikishapita pale ni juu yenu. Baadaye ikaeleweka. Bomba la uwani na choo cha kushea havikuwa na mita, tulifunga za vyumbani tu. Na kile choo tanki lake lilikuwa linavuja kimya kimya ndani ya sinki, maji yanashuka kama uzi, huyasikii, huyaoni. Tuliweka rangi ya chakula, ile ya keki, ndani ya tanki bila mtu kuflashi, baada ya muda mfupi chini kwenye sinki pakawa pekundu. Boya jipya na mpira wa chini vilituondokea kwa hela ndogo kuliko uniti zilizokuwa zinapotea, mwezi uliofuata tofauti ikashuka ikabaki uniti moja na kitu ambayo ni choo chenyewe na kufulia uwani. Hiyo tunagawana sawa.

Cha kuchekesha ni kwamba hili ndo tatizo lile lile la mamlaka zote za maji nchini, maji yaliyozalishwa ni mengi kuliko yaliyolipiwa, na EWURA kiwango inachotaka ni upotevu usizidi asilimia 20. Sisi mwezi wa kwanza na kiwanja chetu kimoja tulikuwa kwenye 17, nikawaambia wenzangu jamani tumefaulu, hakuna aliyecheka.

Sasa ile nyota moja na nusu niliyokata. Hizi mita hazioni maji madogo. Angalia kwenye uso wake, nyingi zimeandikwa klasi B au R80, maana yake kwa saizi hii usahihi wake unaanzia kama lita 30 kwa saa. Chini ya hapo inasoma pungufu, na ukishuka zaidi haizunguki kabisa, hata kinyota kimetulia. Na watu wameshajua! Usiku ukitulia unasikia tik, tik, tik, mtu kalegeza bomba kidogo sana juu ya ndoo, asubuhi ndoo ya lita 20 imejaa na mita haijasogea. Piga hesabu, lita 20 kwa masaa manane ya usiku ni lita mbili na nusu kwa saa, mita haina habari. Ilivyogundulika palizuka ugomvi mkubwa, matusi ya Kisukuma na ya Kiswahili yote yalitumika. Ila ukikaa ukifikiri, usiku kama mabomba mengine yote yamefungwa na ya getini nayo ni ya aina hiyo hiyo basi nayo haioni, kwa hiyo jirani hajakuibia wewe, kaiibia mamlaka. Simtetei. Nasema tu tulimtukana kwa kosa lisilo lake. Na kwa upande mwingine bomba lako likidondosha tone moja kila sekunde, hizo ni lita kadhaa kwa siku, na sabmita haitakushtua. Masikio yako ndo mita ya hiyo.

Upepo nao. Maji yakikatika halafu yakarudi, hewa inatangulia bombani na mita inazunguka kama feni. Dawa yake ni koki, maji yakikatika funga koki yako ya kabla ya mita, yakirudi acha wa bomba la uwani afungulie kwanza upepo uishe, ndo ufungue. Tumeshakubaliana hivyo na inafanya kazi tukikumbuka.

Je tumebana maji? Ndiyo, na bei haijabadilika hata senti. Mama maandazi saivi anasuuzia kwenye beseni, maji ya mwisho yanamwagwa chooni. Dada wa saluni kaacha kuoshea taulo chini ya bomba linalotiririka. Mwalimu karudi kwenye ndoo yake moja, na anawasomesha wengine jinsi ya kuoga kwa kopo, amekuwa kero kwa kweli. Dogo wa bodaboda ndo ameniachia swali. Kaacha kuosha pikipiki nyumbani, tukampongeza, kumbe anashuka nayo ziwani. Sabuni, oili, matope, vyote kwenye maji yale yale yanayovutwa kuja kusafishwa tuyalipie. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka shughuli za watu zikae mita 60 kutoka ukingoni, ila nenda jioni yoyote uone foleni ya pikipiki. Kwa hiyo kwenye daftari letu dogo kabana, ziwani kamwaga.

Hili la nani anahesabika halijatushinda sisi tu. Afrika Kusini mwaka 2001 walianza sera ya lita 6,000 za bure kwa kaya kwa mwezi, jambo la maana sana, ila nao likawagonga pale pale, kiwanja chenye kaya nyingi na mita moja kinapata za kaya moja. Ndo ujue na bei za ngazi, zile za uniti za mwanzo nafuu na zinazofuata ghali, zinawaumiza watu wa nyumba kama yetu, maana kaya 6 zikijumlishwa kwenye mita moja zinaonekana ni tajiri mmoja mwenye bwawa la kuogelea. Na Ayalandi ndo vituko kabisa. Walianza kutoza majumbani, watu wakaandamana, serikali ikaja na ruzuku ya kuhifadhi maji ya euro 100 kwa kila kaya iliyojiandikisha, uwe umehifadhi au hujahifadhi unapewa, na 2016 malipo yenyewe yakasimamishwa wakati mita zaidi ya laki 8 zimeshafukiwa ardhini. Sisi huku mita tunajinunulia wenyewe, wao wamefukiwa bure hawazitaki.

Ningekuwa na nafasi kwenye ule mkutano wa maoni ningeomba kitu kimoja tu, nyumba za wapangaji ziruhusiwe kila kaya mita yake na meseji yake, kwa gharama nafuu, jina la mwenye nyumba libaki kwenye hati zake. Wataalamu watasema gharama ya kusoma mita nyingi, sawa, lakini sisi tunasoma kwa tochi na daftari na tumeokoa karibu uniti tatu kwa mwezi kwenye kiwanja kimoja tu.

Kuhusu duka, nilinunua hadiwea moja ya mjini kati, sitaitaja. Huduma ya kabla ya hela ni ya kifalme, kiti, maji ya kunywa, bosi wangu huku bosi wangu kule. Ile mita iliyokufa kwa mchanga nilipoirudisha bosi wangu ikaisha, nikaambiwa mita haina garantii, garantii ni kwa pampu. Risiti ya EFD nilikuwa nayo mkononi, haikusaidia kitu. Kwa hiyo jaribuni mita pale pale dukani kabla ya kulipa, ipulize kwa mdomo upande wa mshale, namba ziende, kinyota kizunguke bila kukwaruza. Inayokwaruza rudisha, na akikuambia italainika yenyewe ondoka.

Saivi tunabishana nani alipie mita ya saba, ya bomba la uwani. Baba mwenye nyumba anasema uwani ni kwa wapangaji, wapangaji wanasema uwani ni kwa mwenye nyumba. Na kama kuna mdau hapa Mwanza kaziona zile za R160 zinazoona maji madogo kwa bei isiyozidi 60,000 aniambie ni mtaa gani, nina watu sita wanasubiri na mmoja hataki zije.